Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya yote, na uwagawie wanangu wawili sehemu yao, mkubwa na kitindamimba, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Nauliza hali yako. Nauliza kifua chako, kama bado kinakubana ukitoka kwenye yale majokofu ya kiwandani, na nauliza kama unakula, maana namjua kaka yangu: akibaki peke yake na watoto, chakula chake ni kile walichobakiza. Mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyo utayasoma humu ndani.

Barua yako ilinifikia Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa kazini. Haikuwa na salamu hata moja, kaka. Umeanza moja kwa moja na amri, kana kwamba unamwandikia karani wa dirishani asiyekuhusu ndewe wala sikio. Sikulaumu. Unasema Jumamosi ijayo baba mdogo na wazee wengine wanakaa kikao nyumbani kwako, kwamba siku hiyo wifi yangu atarudishwa kwao rasmi, na watoto watabaki kwako. Unasema miezi minane imetosha. Unataka nikutumie ile karatasi ya mapokezi ya siku Mama alipolazwa, yenye sahihi ya wifi chini, niigonge na muhuri wa hospitali, ili wazee wajisomee wenyewe kwamba mkeo alimleta mama yetu hospitalini akasema hana mzio wa dawa yoyote. Na hali ukoo mzima, hata wajukuu, unajua penisilini ilikuwa sumu kwa Mama. Unasema mwanamke aliyemuua mama yako kwa uzembe wa mdomo hawezi kulala chini ya paa lako.

Karatasi hiyo ninayo. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, na muhuri nimeupiga. Ila nakuomba, kabla hujaipeleka kikaoni, usome barua yote, usiruke mstari. Nakujua wewe: unasoma barua kama unavyosoma vitabu vya mashine zako, unatafuta ukurasa wenye mchoro basi. Safari hii soma kila neno. Karatasi hiyo inasema uongo, na nataka ujue uongo huo uliingiaje.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Kila tukikutana kwenye shughuli unawaambia watu kwamba dada yako analipwa kubonyezabonyeza, na watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Sasa sikiliza hiyo kazi ya kubonyeza. Nilianza dirishani miaka kumi na minne iliyopita, pamoja na mwanamke mmoja wa stoo ya mafaili tunayemwita Bi Vumbi, kwa sababu akikupa faili lazima apige chafya mbili kwanza. Wakati huo kila mgonjwa alikuwa na faili lake la karatasi. Kisha zikaja kompyuta. Ule mfumo wa kwanza ulikuwa na ukaidi wake: usipojaza tarehe ya kuzaliwa, hauendi mbele. Unabonyeza mpaka kidole kinauma, hauendi. Na wewe unawajua watu wetu wazima. Ukimuuliza amezaliwa lini anakwambia mwaka ule babu yake alipoezeka nyumba upya. Foleni ilikuwa inafika getini, watu wanakohoa juani, na mimi nabishana na bibi wa watu kuhusu tarehe.

Siku moja nikajaza tarehe mosi Januari na mwaka wa kukisia. Mfumo ukapita, tena bila kinyongo. Nikamwambia mwenzangu wa dirisha la pili, naye akamwambia wa tatu, na wiki haikuisha kabla mapokezi yote hayajafanya hivyo. Hakuna aliyetuagiza, na hakuna aliyeandika popote kwamba tarehe hiyo maana yake ni kwamba hatujui. Nilijiona mjanja kweli. Leo ukifungua mfumo wetu utakuta nusu ya wazee wa mji huu wamezaliwa siku moja. Tulikuwa tunataniana kwamba wakunga wa siku hiyo walikoma.

Mama naye alizaliwa tarehe mosi Januari. Nilimwandikisha mimi mwenyewe. Na kwenye kisanduku cha mzio niliandika kwa herufi kubwa PENISILINI, HATARI, na juu ya faili lake la karatasi nikaandika hivyo hivyo kwa wino mwekundu. Hukumbuki alivyovimba uso nilipokuwa mdogo, wewe ukiwa barobaro, baada ya sindano ya zahanati, ukambeba mgongoni mpaka barabarani na viatu vyako ukaviacha njiani? Mimi sikusahau. Ndiyo maana niliandika kwa herufi kubwa.

Miaka miwili iliyopita mkurugenzi aliniita akaniambia kuanzia siku hiyo mimi ni Msimamizi wa Data wa hospitali nzima. Nikapewa chumba, feni, na kibao mlangoni. Ikaundwa kamati ya watu tisa ya kuamua data ni ya nani. Usicheke, kaka. Miezi minne tulikaa. Wauguzi walisema data ni ya madaktari, madaktari wakasema ni ya watu wa kompyuta, watu wa kompyuta wakasema wao wanatunza mashine tu, kilichomo hakiwahusu. Mwisho ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba data ni mali ya wote. Nawe unajua kitu cha wote kinavyotunzwa. Pongezi zikija zilikuwa za wote kweli, lakini kosa likitokea liliteremka ngazi moja kwa moja mpaka kwenye kile chumba chenye feni. Getini wakabandika bango kubwa: DATA SAHIHI, HUDUMA SAHIHI. Bango hilo lilipita kwenye vikao vitatu. Kisanduku cha mzio hakikuwahi kupita hata kwenye kimoja.

Halafu ikaja habari ya wakaguzi. Hospitali ikitaka kupandishwa daraja, lazima ionyeshe kwamba mgonjwa mmoja ana jalada moja. Sisi tulikuwa na majalada yaliyojirudia kila mahali, mtu kaandikishwa leo hapa, kesho pale. Ofisini tuliyaita mapacha. Mkurugenzi akamleta mtaalamu kutoka nje, kijana wa watu nadhifu, tukampa jina la Bwana Asilimia maana hata ukimuuliza kama chai ina sukari atakujibu kwa asilimia. Bwana Asilimia akatuambia ana programu ya kuunganisha mapacha. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: jina moja, jinsia moja, tarehe ya kuzaliwa moja, basi ni mtu mmoja. Majalada yakigongana, la karibuni ndilo linalotawala, la zamani linafutika chini yake. Akauliza kama tarehe zetu za kuzaliwa ni za kuaminika. Watu wa kikao wote wakanigeukia mimi.

Kabla sijajibu rasmi, Bi Vumbi alikuja chumbani kwangu amekumbatia mafaili kumi na manne. Akayamwaga mezani. Yote yalikuwa na jina la Mama, jina ambalo ukiliita sokoni watageuka wanawake kumi. Wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, na watatu kati yao mwaka ni ule ule. Akapiga chafya zake, akaniambia kwamba nikiiacha mashine iyaunganishe haya, nitabaki na mwanamke mmoja mwenye magonjwa ya wenzake na wengine wasio na historia kabisa. Akasema tumpe miezi mitano na makarani wawili, alinganishe kila pacha na faili lake la karatasi kwa mkono. Nilijua anasema kweli. Nani ajue kuliko mimi? Ile tarehe niliianzisha mimi.

Nikaenda kwa mkurugenzi. Akanisikiliza vizuri sana, huyu bwana hajui kukunja uso. Akaniambia hana miezi mitano, ana siku tisa, na kwamba kama msimamizi anaona haiwezekani, labda msimamizi anahitaji kupumzishwa, wapo vijana wenye shahada wanaoona inawezekana. Akanisogezea fomu. Ilisema: nathibitisha kwamba tarehe za kuzaliwa katika mfumo zimehakikiwa. Nikawaza chumba, feni, kibao. Nikawaza jinsi ningerudi dirishani wenzangu wanitazame. Nikasaini. Bi Vumbi nikampiga chenga wiki nzima nisikutane naye kwenye korido.

Kuna na jambo la pili, na hili ndilo linaloihusu karatasi yako. Wakaguzi walitaka kila taarifa ionyeshe imetoka kwa nani. Vile visanduku vya chanzo cha taarifa vilikuwa vitupu kwa maelfu, maana hakuna karani anayekumbuka kuvijaza. Siku zilibaki mbili. Mimi, dada yako mwenye akili nyingi, nikapendekeza vijazwe vyote kwa mpigo mmoja: aliyemleta mgonjwa. Vya zamani na vitakavyokuja. Tangu siku hiyo, kila fomu ya mapokezi ikichapishwa hospitalini kwetu inajiandikia yenyewe kwamba taarifa zote zimetolewa na aliyemleta mgonjwa, hata kama huyo mtu hakufungua kinywa, hata kama alisema kinyume chake. Anayemleta mgonjwa anapewa kalamu, anaonyeshwa mstari, anasaini. Nani anasoma pale, mtu wake anahangaika kwenye kiti?

Na visanduku vizito, yaani kundi la damu, mzio na tarehe, nilivifunga. Karani hawezi kuvigusa bila fomu yenye sahihi ya ofisi yangu. Hili silijutii, makarani walikuwa wanavichezea. Ila nilivifunga baada ya uongo kuingia, ukafungiwa humo pamoja na ukweli. Wakaguzi walipokuja mapacha yalikuwa chini ya moja kwa mia. Tukapandishwa daraja, tukakatiwa keki, nikapigwa picha na mkurugenzi chini ya lile bango.

Sasa siku yenyewe. Wewe ulikuwa safarini, umeitwa kwenye kile kiwanda cha maziwa ambako mtambo wa baridi ulikufa. Mama aliamka na homa, mguu umevimba mpaka gotini, anaongea maneno yasiyoungana. Wifi akakodi gari akamleta. Nimezungumza na karani aliyekuwa dirishani, nimezungumza na muuguzi, na nimesoma kila kitu ambacho mfumo ulikitunza, maana mfumo wetu una tabia moja nzuri: hausahau nani alibonyeza nini saa ngapi.

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi wifi alifika dirishani. Neno lake la kwanza, kabla hajataja hata jina la Mama, lilikuwa kwamba mgonjwa huyu asichomwe penisilini. Karani anakumbuka, kwa sababu alimwona ni mkorofi. Karani akafungua jalada, akakuta kwenye mzio pameandikwa hakuna, na pembeni alama ya kijani ya kuonyesha imehakikiwa. Akamwambia wifi kwamba mashine inasema hana mzio. Wifi akamwambia mashine haijawahi kuishi na mama mkwe wake, yeye ameishi naye miaka kumi na mmoja. Karani akajaribu kubadilisha, kisanduku kikakataa, kimefungwa. Foleni ikaanza kunung'unika. Fomu ikachapishwa, wifi akaonyeshwa mstari, akasaini.

Wodini akalirudia neno lile lile kwa muuguzi. Muuguzi akamweleza daktari. Daktari akatazama kompyuta, akaona ile alama yangu ya kijani, akasema ndugu wa wagonjwa mara nyingi huchanganya mambo, na mguu ule hauwezi kusubiri. Saa tatu na nusu kasoro dakika chache Mama akachomwa sindano. Yaliyofuata unayajua. Ulifika saa nane mchana ukakuta wamemfunika.

Wewe ulionyeshwa ile fomu siku ya tatu. Uliisoma ukiwa umesimama pale koridoni, ukaikunja, na tangu hapo hukumwita mkeo kwa jina. Nilikuwepo. Nilikuona.

Nami nilikuwa na uwezo wa kufungua jalada la Mama jioni ile ile. Nenosiri ninalo, mamlaka ninayo. Sikufungua. Nilijiambia ni majonzi, nilijiambia nitafungua tukishazika, kisha nikajiambia marehemu aachwe apumzike. Nilijitia hamnazo wiki tatu nzima, mpaka alipokuja muuza mboga.

Huyu ni mama mmoja wa makamo, ana meza yake ya mboga karibu na stendi. Alikuja kliniki kuchukua dawa zake za presha kama kila mwezi. Karani akafungua, akamtazama, akamwambia kwa adabu kwamba hawezi kupewa dawa kwa sababu amefariki. Yule mama akauliza amefariki lini, mbona nyumbani hawajamwambia. Watu wakacheka. Karani akamtajia tarehe. Hapo akaacha utani, akapiga mikono dirishani, akataka kumwona mkubwa wa hao wanaoua watu kwa kalamu. Wakamleta chumbani kwangu. Nikamuuliza jina, akanitajia jina la mama yetu. Nikamuuliza tarehe ya kuzaliwa, akasema haijui, ila pale hospitalini walimwandikia tarehe mosi Januari.

Kaka, nikaivuta kompyuta karibu. Nikafungua. Nikachapisha historia yote ya lile jalada, nimekuwekea nakala humu. Utaona mstari wa siku ya kuunganisha: jalada la Mama, la zamani, limefutika chini ya jalada la muuza mboga, la karibuni. Kisanduku cha mzio kilikuwa PENISILINI, HATARI, kikawa hakuna. Aliyeidhinisha: jina langu. Nimekuwekea pia picha ya faili la karatasi, ambalo Bi Vumbi alilikuta kwenye kontena walikoyatupa mafaili ya zamani. Wino wangu mwekundu bado unasomeka vizuri.

Nilimpelekea mkurugenzi siku hiyo hiyo. Akazisoma karatasi mara mbili, akanipa pole ya msiba kwa mara nyingine. Akasema hili ni tukio la kujifunza. Akasema daktari alitumia uamuzi wake, mleta mgonjwa alisaini mwenyewe, na kwamba nikilikoroga hili mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa yule aliyethibitisha tarehe. Akasema haya yote kwa upole, kama mtu anayekutahadharisha na ngazi iliyolowa. Nikarudi chumbani kwangu nikamfufua muuza mboga, nikampa dawa zake, nikatenganisha yale majalada mawili. Jalada la Mama sasa limekaa sawasawa, kaka, na mzio wake umeandikwa pale kwa herufi kubwa. Marehemu ana rekodi safi kuliko wagonjwa wote wa hospitali hii.

Na nikanyamaza. Si siku moja, si mbili. Miezi saba na ushee nimenyamaza. Ulipomtoa wifi nyumbani nilinyamaza. Uliponipigia simu ukilia kwamba kitindamimba anauliza mama yake atarudi lini, nilikuambia uwe na subira. Mimi huyo. Nilikula kwako siku ya arobaini, baba mdogo akamsema wifi mbele za watu kwamba mwanamke mvivu wa kuongea ni hatari kuliko nyoka, nami nilikuwa nimeinama nachota maji ya kunawa kana kwamba sisikii.

Ungeishia hapa ungeweza kuniita mwoga, na ungekuwa umenistahi. Bado sijakwambia lenyewe.

Daktari yule hakukaidi tu kama nilivyoandika hapo juu. Alimwambia wifi kwamba kama kuna mtu katika familia anayejua kwa hakika, ampigie, yeye atangoja. Wewe simu yako haikupatikana, ulikuwa ndani ya mtambo. Akanipigia mimi.

Nilikuwa mji mwingine, kwenye ukumbi wa mikutano, nimesimama mbele ya watu wa hospitali sita nikiwafundisha jinsi tulivyosafisha majalada yetu. Ndiyo, kaka, hilo ndilo nililokuwa nafundisha. Simu ikatetemeka mezani, nikaona ni wifi. Nilipokea kwa sababu watu walikuwa wananitazama na nilitaka waone mtu mwenye kazi nyingi. Akaanza kuniambia wako wodini, kwamba Mama mguu umevimba, kwamba hawa watu wanasema mashine inasema. Sikumwacha amalize. Unajua nilivyokuwa nikimwona wifi: mwanamke wa maneno mengi, hakusoma sana, kila kitu kwake ni kelele. Nikamkata. Nikamwambia kwamba taarifa za Mama kwenye mashine niliziandika mimi kwa mkono wangu, nazijua, ziko sahihi. Awaache wataalamu wafanye kazi, awaambie waifuate mashine. Sikumuuliza mashine inasema nini. Neno moja hilo, kaka, inasema nini, sikuliuliza. Akilini mwangu niliiona ile PENISILINI yangu ya herufi kubwa imekaa pale. Nikawageukia wasikilizaji wangu nikawaambia, huku nikitabasamu, kwamba hata ndugu zetu inabidi tuwafundishe kuuamini mfumo. Walicheka.

Simu ile ilichukua sekunde thelathini na nane. Bado imo kwenye simu yangu, sijaifuta, sijui naitunzia nini. Wifi alirudi kwa daktari akamwambia kwamba mwenye mashine yenyewe, binti wa mgonjwa, amesema mwifuate mashine. Dakika kumi na moja baadaye wakamchoma.

Miezi yote hii nimekuwa nikingoja wifi aiseme simu hiyo. Kila ulipoandika nilifungua barua nikiitafuta. Haikuwemo. Ulimuuliza mbele ya baba mdogo, akajibu alisema kuhusu penisilini, hawakumsikia, basi. Ulimuuliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kumshuhudia, akanyamaza. Ukauona unyamavu huo ni hatia.

Juzi Jumapili nilichukua barua yako nikaenda kwao. Nilimkuta uani anafua nguo za watu. Siku hizi ndiyo kazi yake, hukuniambia na labda hujui. Vidole vimechunika. Akaniletea kiti, akaniuliza habari za watoto kabla sijakaa. Nikamwambia habari za kikao cha Jumamosi. Akasema ameshazipata. Nikamuuliza kwa nini hakuitaja ile simu, siku zote hizi, na mimi nimemwacha aangamie.

Akaendelea kukamua shati la watu. Akaniambia kwamba siku ile ya msiba alikutazama wewe, ukiwa umeshikilia mkono wangu kaburini, akaona kwamba mama yako ameondoka na aliyebaki wa tumbo moja nawe ni mimi peke yangu. Akaona hawezi kukutangazia siku ile kwamba na huyu pia umempoteza. Akaona si kazi yake kusema. Nikamuuliza basi ni kazi ya nani. Akainua macho, akanijibu bila hasira, na afadhali angenipiga lile shati usoni. Alisema: nilikuwa nakungoja wewe, wifi.

Ndiyo hayo, kaka. Nimeziweka karatasi zote nne: fomu yako yenye muhuri, historia ya jalada, picha ya faili, na orodha ya simu ya siku hiyo niliyoitoa kwa kampuni ya simu. Jumamosi usimpe baba mdogo asome, macho yake mabovu na ataruka. Soma wewe, kwa sauti, na jina langu ulitamke. Barua nyingine kavu kuliko hii nimeipeleka kwa bodi asubuhi ya leo, pamoja na majina ya wagonjwa thelathini na mmoja ambao mimi na Bi Vumbi tumewakuta wanatembea na mizio ya wenzao. Chumba nitaambiwa nikiache, na nitakiacha. Hilo lisikusumbue.

Wape wanangu salamu. Kama ukiona haifai kuwaambia zimetoka kwangu, wape tu. Mimi usinijibu sasa, wala usinipigie. Sijui ungesema nini na sijui ningekuwa na uso gani wa kukusikiliza. Ila usingoje Jumamosi. Nenda kwao leo, uende mwenyewe, usimtume mtu, na ukimkuta anafua, mwombe msamaha kabla hujakaribishwa kiti.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nikikuita kaka kwa majivuno.